Ndege gani?

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, wakati wa baridi na vumbi, tulitoka mjini Lubumbashi wanafunzi watatu kwa njia ya Kasenga. Tulikuwa na chupa mbili za maji, mikate, na kamera ya kuazima yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtoto. Nia yetu ilikuwa ndogo tu: kutembea, kupumzisha kichwa baada ya mitihani, na kupiga picha za ndege. Mwenzetu mmoja alikuwa ameona picha zilizopigwa katika mbuga ya Upemba, akashikwa na wivu. Mimi nilifuata kwa sababu sikuwa na kazi nyingine siku ile.

Hatukufika mbali. Penye kizuizi cha barabara alisimama bwana mmoja mwenye sare. Aliitazama ile lenzi, kisha akatutazama sisi, kisha akaitazama tena lenzi.

«Muko nafanya nini na ile mashini?»

«Tuko napika foto ya ndeke, shefu», nikajibu kwa adabu yote.

Uso ukabadilika. Mnajua kwamba njia ile haiko mbali na uwanja wa ndege, na vijana watatu wenye kamera ya namna ile wanaokiri kwa mdomo wao kwamba wanapiga picha za ndege wamejifunga wenyewe. Bwana akanyoosha mkono aichukue kamera. Ndipo mwenzetu wa tatu, ambaye darasani husema mara mbili kwa mwaka, akapiga kelele: «Hapana ile ya kwenda Kinshasa, shefu! Tundeke! Tundeke tudogo twa mu pori!»

Bwana akacheka mpaka kofia ikataka kuanguka. Tukapita.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kilinifanya niwaze njia nzima. Sisi tunafundishwa kwamba udogo katika Kiswahili husemwa kwa ki- na vi-: kidege, videge. Ka- na tu- za hapa kwetu, ambazo zimo katika Kibemba, Kiluba na lugha nyingine za majirani, hupigwa wino mwekundu katika karatasi zetu za mtihani. Mimi mwenyewe nimewahi kupoteza alama mbili kwa sababu ya «kamtoto». Siku ile kiambishi kimoja kilichodharauliwa kilifanya kazi ambayo kamusi isingeifanya: kilitenganisha ndege mwenye manyoya na ndege mwenye injini. Lakini sikuja kutetea ka- na tu-. Hiyo ni vita ya siku nyingine. Nimekuja kusema jambo lililotokea baadaye kidogo, kwenye mabwawa ya samaki, ambako mzee mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu.

Tulimkuta akitengeneza tuta la bwawa kwa jembe. Tukamsalimia, akaitika, akaendelea kulima. Sisi tukaanza kupiga picha. Kulikuwa na mdiria wa madoadoa, yule mweusi kwa mweupe anayesimama hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Kulikuwa na yule mweusi mwenye mkia wa panda anayefukuza hata mwewe. Na katika matete kulikuwa na kundi la videge vya rangi ya udongo, zaidi ya mia, vikiruka na kutua pamoja. Tulipiga picha 212. Mzee akaacha jembe, akaja akasimama nyuma yetu.

«Muko natafuta ndeke gani, bana yangu?»

Kimya. Wanafunzi watatu wa lugha, mmoja akiwa amemaliza kozi mbili za leksikolojia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno. Mimi nikasema «korongo», maana ndilo jina la ndege wa majini nililolikumbuka kutoka kitabu cha shule. Mzee akatazama nilikoelekeza kidole, akatingisha kichwa kwa huruma. Hakukuwa na korongo pale.

Basi akaanza kututajia. Alitaja majina kumi na moja kwa lugha ya kwao, bila kusita, mengine kabla hatujamwona ndege mwenyewe, kwa sauti tu iliyotoka matetini. Majina hayo sitayaandika hapa. Niliyaandika daftarini kwa masikio yangu mabovu, sikuandika toni, na jioni nilipoyasoma niliona kwamba mawili yanafanana kabisa ingawa mzee aliyatamka mbalimbali. Mwanafunzi wa kitivo chetu anayechapisha neno la lugha ya toni bila toni anastahili wino mwekundu kweli kweli. Simu zetu zote tatu zilikuwa na kinasa sauti. Hakuna aliyekumbuka kukiwasha. Tulikuwa tunashughulika na lenzi.

Lakini jina moja nitalieleza bila kulitaja. Mzee alionyesha lile kundi la videge vya rangi ya udongo akasema jina. Mwenzetu mwenye kamera akamwuliza kama si shomoro wa porini. Mzee akasema hapana, huyu ni yule mwekundu na mweusi, anayewaka kama moto katika matete wakati wa mvua. Sote tunamjua yule mwekundu. Kila mtoto aliyekulia pembeni mwa mji anamjua. Tukabisha. Hawa hawakuwa na wekundu hata wa kuchorea kucha.

«Ni yeye tu», akasema mzee. «Sasa iko navaa nguo ya kazi. Nguo ya feti itakuya mvua ikianza.»

Alikuwa na haki. Nimehakikisha baadaye: ndege hawa, ambao Kiswahili sanifu kinawaita kweche, madume yao huvua manyoya mekundu baada ya msimu wa kuzaa na kuvaa ya rangi ya majani makavu, na katika kiangazi ni vigumu hata kwa mtaalamu kumtenga dume na jike. Picha zetu zilikuwa safi sana. Kila unyoya ulionekana. Na zilitudanganya, kwa sababu kamera inaona ile sekunde moja tu iliyofunguliwa. Jina la mzee lilikuwa na mwezi wa saba na mwezi wa kumi na mbili ndani yake kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu, na labda na baadhi ya walimu wetu. Niliporudi chuoni na kusema kwamba mambo haya yanatuhusu, niliambiwa kwa wema kwamba ndege ni kazi ya watu wa biolojia na kilimo. Mwingine akasema ni kazi ya wazungu wenye kofia. Sikubaliani. Watu wa biolojia wana majina yao ya Kilatini na hayo yanawatosha. Lile ambalo mzee anajua ni leksia, ni semantiki, ni fonolojia. Ni somo letu, na tunaliacha lioze tuta kwa tuta huku tukiandika kazi ya mwisho wa masomo, kwa mara ya hamsini, juu ya mikopo ya Kifaransa katika Kiswahili cha Lubumbashi. (Nisamehewe na wanaoiandika mwaka huu. Mimi pia nilikuwa nimejiandikisha.)

Na jina si pambo la kubandika mwishoni. Wataalamu wenyewe wamelipa bei ya jina baya, na kisa chake ni cha nchi hii. Katika safari ya makumbusho ya New York iliyoanza mwaka 1909, kijana Mmarekani James Chapin alipata huko Ituri unyoya mmoja uliokuwa umechomekwa katika kofia ya mtu wa pale. Hakuweza kuutambua. Akauhifadhi. Zaidi ya miaka ishirini ilipita. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, Chapin aliona ndege wawili waliokaushwa, wenye manyoya ya namna ile ile. Walikuwa wamekaa pale miaka mingi, mbele ya macho ya wasomi, na kibandiko chao kikisema kwamba ni tausi wachanga wa India. Nani atamchunguza tausi wa India? Mwaka ule ule Chapin akamtangaza kwa jina la Afropavo congensis, tausi wa Kongo, ndege mkubwa wa msituni ambaye elimu ya Ulaya haikujua kama yupo, na mwaka 1937 akarudi Ituri akamkuta akiwa hai.

Hadithi hii husimuliwa kama sifa ya Chapin, na sifa anayo. Mimi ninamfikiria zaidi mwenye kofia. Yeye unyoya haukumpa taabu yoyote. Alimjua ndege, alijua anapolala, bila shaka alijua ladha yake. Jina lilikuwepo Ituri siku zote zile ambapo kibandiko kibaya kilikuwa Tervuren. Sijui kama mtu alimwuliza jina kwa makini yale yale aliyouchukulia unyoya.

Tukirudi bwawani. Baada ya kweche mzee alitupeleka kuona mti mmoja wenye rundo la vijiti, kubwa kama gunia la makala lililolazwa. Lilikuwa kiota cha yule ndege wa rangi ya kahawia mwenye kishungi nyuma na mdomo mbele, hata kichwa chake kinafanana na nyundo. Kiota chake kina paa, kina mlango mdogo chini, ndani kimepakwa udongo, na hujengwa kwa vijiti maelfu. Mzee hakutaka tukaribie sana. Ndege huyu anaogopwa katika sehemu nyingi za Afrika, na mwenye kuharibu nyumba yake hujitafutia balaa. Hatukubishana, tukapiga picha kwa mbali.

Tazama sasa majina. Makaburu waliangalia kichwa, wakamwita kichwa-nyundo, hamerkop. Wafaransa walimwita ombrette, jina lenye kivuli ndani yake, kwa sababu ya rangi. Pwani anaitwa fundichuma, au msingwe. Hilo la kwanza lingetufaa sana sisi watu wa shaba. Jina la mzee, jinsi alivyotufafanulia, halikugusa kichwa wala rangi, lilihusu nyumba. Watu wanne wamemtazama ndege mmoja na kila mmoja amechagua kitu cha kutazama. Kama hiyo si semantiki, basi nirudishiwe karo yangu.

Najua pingamizi moja ambalo ni zito, na nimelisikia kwa mwalimu ninayemheshimu: kwa nini tusichukue tu majina ya Kiswahili sanifu? Yapo. Mdiria yupo, kweche yupo, chozi yupo, hondohondo yupo. Tuyafundishe, tuachane na vurugu ya lugha mia mbili. Ninakubali nusu. Aibu yangu ya «korongo» ilikuwa aibu ya mtu asiyejua Kiswahili anachodai kukisoma, na ningependa kila mmoja wetu amalize masomo akiwa na majina arobaini ya ndege katika Kiswahili sanifu. Lakini majina hayo mengi yalizaliwa mbele ya bahari na mashamba ya minazi. Pori letu la miombo lina ndege ambao pwani haiwajui, na pale ambapo sanifu haina neno, tutafanya nini? Tutatafsiri kitabu cha Kiingereza, tuseme «kichwa-fulani tumbo-njano», wakati mtu aliye kilomita ishirini kutoka oditoriamu yetu ana neno tayari?

Na mara nyingi sanifu na lugha zetu ni ndugu waliopotezana. Tai wa maji mwenye kichwa cheupe, yule ambaye sauti yake inasikika ziwa zima, kwa Kiswahili ni kwazi. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, ni nkwazi, na makazi ya rais wao yamepewa jina hilo. Kanga wa Kiswahili anajulikana kama nkanga kwa majirani wengi. Mtu akikusanya majina haya kijiji kwa kijiji atapata ramani ya lugha za Kibantu yenye mabawa, na hatahitaji kusubiri fedha za mradi.

Lipo jambo lingine linalonifanya nione kwamba kazi hii ni yetu, nalo ni la ajabu kidogo. Katika pori la miombo kuna ndege wa asali. Humwita mtu kwa kelele, humwongoza mti kwa mti hadi kwenye mzinga wa nyuki, mtu hufungua kwa moto na shoka, na ndege hula nta inayobaki. Watafiti walifanya kazi na Wayao wa Niassa, Msumbiji, ambao wana mwito wao maalumu, mtetemo wa ulimi unaoishia kwa mguno. Mwaka 2016 walichapisha matokeo: mwito ule uliongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa jumla wa kuonyeshwa nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Mwaka 2023 wakaongeza jambo lililoninyima usingizi. Wahadzabe wa Tanzania hawana mwito huo. Wao hupiga mluzi. Ndege wa Niassa waliitikia zaidi mwito wa Wayao kuliko mluzi wa Wahadzabe, na wale wa Tanzania kinyume chake, kwa tofauti ya karibu mara mbili kwa wale wa Niassa na zaidi ya mara tatu kwa wale wa Tanzania. Yaani ndege wamejifunza lahaja ya majirani zao.

Nilimwuliza mzee kama hapa kwao watu humwita ndege wa asali. Akasema baba yake alimwita. Je, yeye anaujua ule mwito? Akafikiri, akaweka midomo sawa, akaacha. Akasema hawezi tena, halafu siku hizi kumwita kungekuwa uongo, maana ndege atakupeleka wapi? Akanyoosha jembe upande wa mashariki. Kwenye njia tuliyopita asubuhi tulikuwa tumepishana na baiskeli za makala zinazosukumwa kuelekea mjini. Nilihesabu thelathini na moja kisha nikaacha. Mti wenye mzinga umekuwa gunia. Mimi pia napikia makala, bukari yangu ya jioni ile ilipikwa kwa makala, kwa hiyo sitamhubiria mtu. Ninasema tu kwamba mwito ule, kama ulivyokuwa unasemwa na baba wa mzee, haumo katika daftari lolote, na hautaingia.

Kwa hiyo ombi langu kwa idara ni dogo. Tunapokwenda likizo, kila mmoja kwao, tuchukue simu: picha, sauti, mwezi, mahali. Tusiulize wazee wanaume peke yao. Wanawake na watoto wanaofukuza ndege kwenye mtama wanawajua walaji wa mbegu kuliko mwindaji, ambaye atakutajia kanga na kware na kusema waliobaki ni «tundeke tu». Watoto wenye ulimbo na manati wana majina ambayo wazazi wao wameyasahau. Tumwulize mtu wa pili bila wa kwanza kuwepo. Tumtafute mwenzetu wa kitivo cha sayansi atuzuie kusema shomoro mahali pa kweche. Hapo watu wa biolojia nawahitaji kwa magoti. Na mwalimu mmoja akubali kwamba orodha ya majina mia, yenye toni zake na maelezo yake, ni kazi halali ya mwisho wa masomo. Nimeomba iwe yangu. Jibu nililopata ni kwamba mada «haijakomaa».

Kamera imerudi kwa mwenyewe, pamoja na shukrani na vumbi tulilolishindwa kulitoa kwenye kifuniko. Picha 212 ziko katika kompyuta ya mwenzetu. Mia moja na tisini hazina jina bado, kwa sababu tulipiga kwanza tukauliza baadaye, na mzee hakuwepo wakati wa zile za asubuhi. Alituambia turudi mwezi wa kumi na mbili, matete yakiwa mekundu, na tumletee sukari. Mvua zikianza mapema tutakwenda hata kabla. Yule bwana wa kizuizini sasa tunajua jinsi ya kumjibu.